Altezza na ahadi ya farasi 285: vifaa vya kufunga vinaongeza nguvu kiasi gani kwenye gari lisilo na tabo

SWALI: Mtaalamu, habari ya kazi. Nina Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono, ile ya injini ya 3S-GE BEAMS, na ninaishi Nakuru. Gereji moja imeniandikia kifurushi cha shilingi laki mbili na nusu: chujio la hewa la wazi pamoja na bomba lake, heda (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda), eksozi mpya hadi nyuma, kipande cha kuweka kwenye throto (mlango wa hewa wa injini), plagi za iridiamu na chipu ya kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi. Wanasema kila kifaa kina farasi wake na jumla ni 75. Gari lilitoka kiwandani na 210, kwa hiyo nitakuwa na 285. Rafiki yangu mwenye Subaru Impreza WRX aliongeza zaidi ya 50 kwa eksozi na kompyuta tu, na vipimo vyake nimeviona. Je, nilipe?

JIBU: Usilipe, kaka, angalau si kwa ahadi hiyo. Ndani ya kifurushi hicho mna vitu viwili vya maana, na nitakueleza namna ya kuvitumia. Lakini 75 haipo. Heda nzuri, eksozi nzuri na njia nzuri ya hewa, vikifungwa na fundi hodari na kompyuta ya injini ikatuniwa, yaani kupangwa upya, kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari), vitakupa farasi 10 hadi 15 kwenye injini yako. Ukibahatika na heda bora na injini nzima kabisa, labda 18. Bila kutuni kompyuta, tarajia nusu ya hapo. Na chipu ya kuchomeka kwenye soketi haihesabiki kuwa kutuni.

Sababu iko kwenye hewa. Petroli kuiongeza ni rahisi. Kinachokosekana ni hewa ya kuiunguza. Injini isiyo na tabo (feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa ndani ya injini) haisukumiwi hewa na kitu chochote. Pistoni inashuka, na uzito wa anga peke yake ndio unaoingiza hewa kwenye silinda. Injini yako ya lita 2 inavuta lita 2 katika kila mizunguko miwili ya kranki, na ikiundwa kwa ustadi mkubwa inapita hapo kidogo kwenye mizunguko fulani. Ukitaka nguvu zaidi una njia tatu: ujaze silinda vizuri zaidi katika kila mvuto, uizungushe injini haraka zaidi, au uongeze ukubwa wa injini. Vifaa vya kufunga nje vinagusa ile njia ya kwanza tu, na hiyo ndiyo njia ambayo Toyota na Yamaha, waliokitengeneza kichwa cha injini hii, walikwisha kuifanyia kazi kubwa.

Tazama namba zenyewe. Injini yako inatoa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa Nm (newton-mita) 216 kwenye mizunguko 6,400 kwa dakika, sawa na Nm 108 kwa kila lita. Kwa injini isiyo na tabo ya mwaka 1998 hicho ni kiwango cha juu sana. Nguvu ya juu, PS 210 (PS ndiyo ile farasi), inapatikana kwenye mizunguko 7,600, ambako msokoto umeshuka hadi Nm 194 hivi. Hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe: zidisha msokoto kwa mizunguko, gawanya kwa 9,549, utapata kilowati, gawanya kilowati kwa 0.7355, utapata PS.

Sasa iweke 285 kwenye hesabu hiyohiyo. Kupata PS 285 kwenye mizunguko 7,600 unahitaji msokoto wa Nm 263, yaani zaidi ya Nm 131 kwa lita. Porsche 911 GT3 iliyotoka mwaka 2021, injini ya lita 4 isiyo na tabo iliyoundwa na watu wanaoishi kwa mashindano, inafikia Nm 470, ambazo ni kama 118 kwa lita, na hapo ni kwenye kilele chake cha msokoto, si kule juu kwenye kilele cha nguvu. Gereji yako inakuahidi kumpita Porsche kwa heda na chujio. Kama msokoto wako utabaki ule wa Nm 194, itabidi injini izunguke zaidi ya mara 10,300 kwa dakika ili ufike 285, na chuma kilichomo ndani hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kuna mfano ninaoupenda zaidi wa kulieleza jambo hili, kwa sababu unalinganisha lita 2 na lita 2. Honda S2000 ya kwanza ya Japani ilitoa PS 250, farasi 40 zaidi ya Altezza yako. Msokoto wake? Nm 218. Ni Nm 2 tu zaidi ya zako! Honda hawakuijaza silinda kwa namna ya ajabu. Waliifanya injini ipate nguvu yake ya juu kwenye mizunguko 8,300 na iweze kwenda hadi 9,000, kwa kuijenga upya tangu ndani. Toyota nao walipotaka gari lao la 86 liwe na nguvu zaidi bila kuweka tabo, hawakubadilisha eksozi tu. Ile ya 2012 ilikuwa na lita 2, PS 200 na Nm 205. GR86 iliyofuata mwaka 2021 ilipewa injini ya lita 2.4, ikatoa PS 235 na Nm 250. Gawanya kwa lita uone: Nm 102.5 kabla, 104 baadaye. Nguvu mpya karibu yote ilitoka kwenye ukubwa wa injini.

Rafiki yako wa WRX hakudanganywa. Gari lake lina tabo, na kwenye tabo hewa ni kitu cha kuagiza kwenye kompyuta. Eksozi pana baada ya tabo inaifanya feni yake ipumue na kuzunguka upesi, kompyuta inaamrishwa kupandisha shinikizo, na hewa nyingi zaidi inasukumwa ndani ya silinda zilezile. Kwa gari la namna hiyo farasi 50 ni matokeo ya kawaida. Matangazo mengi ya vifaa yanaazima matokeo ya magari ya tabo na kuyabandika kwenye magari yasiyo nayo, na vijana wengi wananunua kwa sababu wameona kweli kwa macho yao, ila kwenye gari la aina nyingine.

Jambo la pili linaloiharibu ile hesabu ya 75 ni kujumlisha. Chujio, heda na eksozi vyote viko kwenye njia moja ya hewa. Ukiondoa kizuizi kimoja, kinachofuata ndicho kinachotawala. Kifaa kilichopimwa peke yake kikatoa farasi 4 hakileti tena 4 juu ya kingine. Na namba kubwa ya tangazo mara nyingi imechukuliwa kwenye mzunguko mmoja tu ambapo mistari miwili ya grafu imeachana zaidi, huku kwenye kilele cha nguvu tofauti ikiwa ndogo mno.

Tuje kwenye heda, maana hapo ndipo penye utamu. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, wimbi la shinikizo linakimbia ndani ya bomba. Likifika mahali mabomba yanapoungana, sehemu yake inarudi kama wimbi la mvuto. Kama urefu wa bomba ni sahihi, mvuto huo unafika kwenye silinda wakati vali ya moshi haijafunga na ya hewa imeanza kufunguka, unayatoa mabaki ya moshi na kuanza kuivuta hewa mpya. Urefu wa bomba ndio unaoamua jambo hilo litokee kwenye mizunguko mingapi. Heda ya mabomba manne yanayoingia mawili kisha moja, ikiunganisha silinda ya 1 na ya 4, ya 2 na ya 3, hunufaisha zaidi mizunguko ya katikati. Ile ya manne kuingia moja kwa moja kwenye moja hupendelea mizunguko ya juu. Kwa gari la barabarani ningechukua ya kwanza.

Heda iliyotengenezwa kwa hesabu inaweza kukupa farasi 5 hadi 8, na faida yake ya kweli iko katikati, kwenye mizunguko 4,000 hadi 6,000, pale unapolipita lori kwenye mlima. Wenye Toyota 86 wanalijua hili vizuri: injini ile ya lita 2 ina bonde la msokoto kuanzia kama mizunguko 3,500, na heda pamoja na tuni hulijaza bonde hilo, hata pale kilele cha nguvu kinapopanda kidogo tu. Injini yako ina ziada moja, kwamba kamshafti (vyuma vinavyofungua vali) zote mbili, ya hewa na ya moshi, zinabadilishwa majira na VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa vali kufunguka. Maana yake heda mpya inaweza kuoanishwa na majira mapya ya vali, lakini hilo linafanyika kwenye kompyuta, halijitokezi lenyewe. Heda ya bei rahisi iliyokunjwa mpaka bomba likabonyea, yenye flanji nyembamba inayopinda kwa joto, itaanza kuvuja. Hewa ikiingia hapo kabla ya sensa ya oksijeni, kompyuta itadhani mchanganyiko una petroli kidogo na itaanza kuiongeza. Utakuwa umenunua kelele na ulaji wa mafuta.

Eksozi kuanzia katikati hadi nyuma: farasi 2 hadi 5. Usifuate bomba nene kwa sababu ya sura. Milimita 60 hadi 63 zinatosha kabisa kwa lita 2. Masega yako (kifaa cha kusafisha moshi ndani ya eksozi) kama ni mazima, yaache. Kuyatoa kunaleta farasi wachache sana, na moshi mchafu utavutwa na watu wanaotembea nyuma yako. Kama yameyeyuka au yameziba, hiyo ni habari nyingine, na nitairudia.

Chujio la wazi ndilo linalonikera zaidi. Boksi la kiwandani limewekwa livute hewa ya mbele, iliyo baridi. Koni ya wazi iliyokaa karibu na injini inavuta hewa iliyokwisha kupikwa na rejeta. Kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka zinapunguza uzito wa hewa kwa asilimia 3 hivi, na asilimia 3 ya nguvu yako ni farasi 5 au zaidi. Kwa hiyo unaweza kulipa ili upoteze. Sauti ya mvumo itaongezeka, na sikio litakuambia gari linakwenda. Kama unataka kubadilisha, tafuta mfumo wenye boksi lililofungwa linalovuta hewa nje ya chumba cha injini. Huo unaweza kukupa 2 hadi 5 kule juu. La sivyo, weka chujio jipya la karatasi la ubora wa asili kwenye boksi lako. Kwa vumbi la barabara zetu, chujio linalopitisha hewa nyingi mno linapitisha pia mchanga laini unaosaga silinda na ringi. Na yale ya pamba yenye mafuta, yakipakwa mafuta kupita kiasi, yanachafua sensa ya hewa kwenye magari yanayotumia waya wa moto.

Kipande cha throto: sifuri. Plagi za iridiamu: sifuri, ikiwa plagi ulizonazo ni nzima na za kiwango sahihi cha joto, faida yake ni kudumu. Chipu ya kuchomeka kwenye soketi: sifuri, zilizofunguliwa na mafundi wa elektroniki zimekutwa na taa za kumetameta na sakiti isiyoandika kitu chochote kwenye kompyuta ya gari. Kuna na ile ya kudanganya sensa ya joto la hewa ili kompyuta idhani kuna baridi. Hiyo inaongeza petroli tu, na siku ya joto kali inaweza kuleta madhara.

Kutuni kwa kweli kwenye Altezza kunahitaji kompyuta ya nyongeza inayokaa kati ya ile ya asili na injini, au kompyuta mpya kabisa, pamoja na fundi anayetumia daino na sensa pana ya oksijeni. Hapo ndipo pesa za heda zinapozaa. Lakini mwambie fundi asivute majira ya cheche kana kwamba uko Japani. Injini hii ina mgandamizo wa 11.5 kwa 1 na ilitengenezewa petroli ya daraja la juu la kwao, ya oktani 100 hivi. Ya vituo vyetu iko chini ya hapo, na injini ikianza kugonga, sensa itarudisha cheche nyuma na nguvu itapotea. Kukaa mlimani kunakupunguzia tatizo hili kidogo, kwa kuwa silinda haijai sana.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo gereji haikukuambia, na ni kubwa kuliko kifurushi chote. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu karibu kwa kiwango hichohicho. Ubaridi wenu wa Bonde la Ufa unarudisha kidogo. Altezza yenye PS 210 pwani inabaki na kama 170 ikifika kwako. Farasi 40 wamepotea kabla hujakanyaga mafuta, na hakuna heda inayoweza kuwarudisha. Gari la rafiki yako haliumii sana kama lako kwa sababu tabo inaweza kuzunguka zaidi na kufidia.

Jambo hili linageuka mtego kwenye daino. Mashine inapima nguvu kwenye matairi, na kati ya injini na matairi, kwenye giaboksi, shafti na difu, asilimia 15 hivi hupotea. Kwa hiyo Altezza nzima kabisa huko Nakuru inaweza kuonyesha 145, na usiogope. Kisha programu ya daino ina kipengele cha kusahihisha mwinuko na joto, kinachopandisha namba hadi ile ambayo gari lingeitoa karibu na usawa wa bahari. Kwa mwinuko wako usahihishaji huo unaongeza karibu asilimia 25. Mtu akikupimia “kabla” bila kusahihisha na “baada” kwa kusahihisha, karatasi itaonyesha zaidi ya farasi 30 wapya hata kama hakufunga boliti moja. Omba karatasi zote mbili zitolewe kwa mpangilio mmoja, siku moja, gia moja, upepo wa matairi uleule, na vipimo vitatu kabla na vitatu baada. Tofauti ya asilimia 1 au 2 baina ya vipimo ni ya kawaida, kwa hiyo kifaa kinachodai farasi 2 hakithibitiki kirahisi.

Sasa fikiria farasi ambao huenda tayari umewapoteza. Altezza ya mwisho ilitengenezwa 2005, na kwa sheria ya Kenya ya kutoingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, gari lako liko kwenye barabara zetu kwa muda mrefu. Umri huo una gharama kubwa kuliko vizuizi vya eksozi. Nimeona magari ya namna hii yakirudishiwa nguvu nyingi zaidi kwa matengenezo kuliko ambavyo kifurushi chochote kingeleta. Pima kwanza mgandamizo wa silinda zote nne. Zikitofautiana sana, usinunue kifaa chochote cha nguvu mpaka ujue kwa nini. Kagua kama mkanda wa taimingi haujaruka jino. Toa vali za oili za VVT-i na usafishe vichujio vyake vidogo, maana oili iliyochakaa huviziba na kamshafti zikashindwa kubadilisha majira, nayo injini ikapoteza uhai wake wote kule juu. Pima shinikizo la petroli wakati injini inafanya kazi nzito, si ikiwa imesimama tu. Sensa ya oksijeni iliyochoka, koili inayokata cheche kwenye mizunguko ya juu, mpira wa hewa uliopasuka, breki inayobana gurudumu: kila kimoja kinaweza kula zaidi ya kile heda inacholeta. Na hapo ndipo masega yaliyoziba yanapoingia. Yakiziba nusu, gari linakuwa zito juu ya mizunguko 5,000, na mwenye gari anafunga eksozi mpya iliyokuja bila masega, anapata farasi 20, kisha anamsifu mtengenezaji wa eksozi. Hao 20 walikuwa wake tangu zamani.

Hakikisha pia kwenye kibandiko cha chasisi kwamba gari ni SXE10 na lilizaliwa na giaboksi ya mkono. Ile ya otomatiki ya injini hiyohiyo ilitoka na PS 200 na mgandamizo mdogo zaidi, na zipo zilizobadilishiwa giaboksi baadaye.

Kama laki mbili na nusu hizo zingekuwa zangu, ningezigawa hivi. Sehemu ya kwanza ingekwenda kwenye ukaguzi huo wote, mkanda mpya wa taimingi kama historia yake haijulikani, oili nzuri, plagi sahihi na kipimo kimoja cha daino cha mwanzo. Sehemu kubwa inayofuata ingekuwa matairi bora, shokapu, pedi za breki na mafuta mapya ya breki, kwa sababu Altezza ilijengwa kwa ajili ya kona na injini yake haijawahi kuwa tatizo lake. Ningetoa spika kubwa za buti na rimu nzito. Kilo 60 zikipungua kwenye gari la kilo 1,350 hivi bila dereva, linachanganya mwendo kana kwamba umepewa farasi 7 huko uliko, na breki nazo zinafaidi. Ukitaka kuhisi msukumo zaidi kila siku, uliza uwiano wa difu: kutoka 4.1 hadi 4.3, mathalani, msokoto unaofika matairini unaongezeka karibu asilimia 5 katika kila gia, hata mlimani, kwa gharama ya mwendo wa juu kidogo na petroli kidogo.

Heda na kutuni vije baadaye, vyote viwili kwa pamoja, ukiwa na akiba ya kuvifanya sawasawa. Ukiona baada ya hapo bado unaitamani 285, basi zungumza na fundi wa injini kuhusu tabo yenye pistoni za mgandamizo mdogo, klachi mpya na mfumo mpya wa petroli, au kuhamishia injini nyingine kabisa. Hiyo ni bajeti ya kununua gari la pili, na huko Nakuru, kwenye hewa nyembamba, ndiyo njia pekee inayofika.